Karibu Iliyomponyoka Bawabu

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na kazi inayonilisha ni mageti. Jumamosi mchana, nikishazima mashine, wenzangu watatu hunijia kwenye chumba cha nyuma ya karakana tukacheze mchezo wa dadu. Si ule wa kukimbiza kete ubaoni. Huu ni wa hadithi: kila mtu ana mtu wake wa kubuni kwenye karatasi, mmoja wetu anasimulia yanayomkuta, na dadu zinaamua nani anaishi na nani anamwagwa utumbo. Tunauana humo kama wendawazimu, halafu tunarudi majumbani kwetu tukiwa wapole.

Msimulizi wetu tunamwita Bawabu. Ni daktari wa meno, mtu mwembamba wa tai na viatu vilivyong'arishwa. Jina alilipata kwa sababu hadithi yake inaanzia kwenye Lango la mji, na kila mgeni wa meza yetu lazima apite hapo. Bawabu anamuuliza maswali ya kanuni. Mgeni akikosea, anamuua, na anasimulia kifo chenyewe taratibu, kwa raha zake. Hilo tuliliita kuchinja mgeni. Ukichinjwa mara tatu huna kiti, nenda kacheze karata. Sote tulichinjwa mara mbili mbili kabla ya kupita, kwa hiyo tuliona ni haki na wengine waipate. Upuuzi mtupu.

Kanuni nyingine ilikuwa ya chuma: msimulizi akishasema, limetokea. Hakuna cha nilikuwa natania.

Sasa, wifi yangu. Ni dada wa mume wangu, na alikuja kwetu taya limevimba, mkono uko kwenye plasta. Aliyemvunja ni mumewe, dereva wa greda, ambaye baadaye akawa anamtafuta mtaa kwa mtaa. Mume wangu alipoanza hadithi za eti dada yake avumilie, nilimwambia akavumilie yeye kwanza, kwenye sofa, na huko ndiko alikolala mpaka akili ilipomrudia. Lakini wifi alikuwa amenyamaza. "Ndiyo" na "asante" tu, na mlango ukijibamiza anaruka. Kitu pekee kilichomtoa chumbani ni kelele zetu za Jumamosi.

"Wifi," aliniambia siku moja akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, "na mimi nataka kucheza."

Sentensi nzima! Machozi yalinilenga. Nilijua pia kwamba akifukuzwa kwenye meza ile atarudi kitandani, na kumtoa tena itakuwa shughuli. Nikamvuta Bawabu pembeni.

"Huyu usimchinje."

"Lango ni lango," alisema. "Nikimpitisha bure, wale niliowaua watasemaje?"

"Wameshakufa! Watasema nini?"

Hakucheka. Alirudi kukaa, akainyoosha tai yake, akaanza.

"Umefika mbele ya Lango. Walinzi wawili, kila mmoja ana rungu. Unaingia na nini?"

"Na panga," wifi alijibu.

"Panga la daraja gani?"

Wifi hakujua kama mapanga yana madaraja. Bawabu akatabasamu. Rungu la kwanza likapasua mbavu, akasema, na mfupa ukatokeza nje ya ngozi. La pili likaangukia taya. Meno yakaruka vumbini na damu ikaziba koo, mgeni akawa anakoroma kwa damu yake mwenyewe. Nilimwona wifi akijishika taya. Bucha, mwenzetu muuza nyama anayechinja ng'ombe bila kukunja uso, alitazama pembeni.

Wifi akapewa karatasi ya pili, mtu mpya. Safari hii mafuta yanayochemka yalimwagwa kutoka juu ya ukuta, na Bawabu akatueleza ngozi ilivyochunika. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti cha wifi na nyundo ya kazi mkononi, damu inanichemka kuliko hayo mafuta. Neno moja zaidi ningempasua kichwa.

Wifi akachukua karatasi ya mwisho. 

"Unaingia na nini?"

 Wifi akainua mkono wenye plasta, akagonga meza ya bati.

"Hodi!"

"Karibu," akasema Bawabu.

Nakuapia, alisema. Lilimtoka lenyewe, na tabasamu la mwenye nyumba juu yake. Mwenzetu wa tatu, mwalimu wa hesabu, ambaye kwa kawaida huongea kama anaogopa kuamsha mtoto, aliruka kitini akipiga kelele: "Limetokea! Limetokea!"

"Limeniponyoka! Mtu akipiga hodi, nyie mnajibuje?"

"Tunajibu hivyohivyo," alisema Bucha. "Kwa hiyo Lango liko wazi."

Wifi akacheka. Alicheka kwa sauti, huku amelishika taya kwa sababu lilimuuma, akashindwa kuacha. Bawabu akasukuma dadu zote zikaanguka sakafuni. Alisema meza yetu imekuwa choo cha stendi, kila mtu anaingia tu. Akabeba mkoba wake na kutoka.

Alikuwa ameshashika komeo la geti la nje wakati sauti nzito ilipotoka barabarani.

"Hodi humo ndani! Nimemsikia anacheka. Mtoeni mke wangu."

Kicheko cha wifi kilikatika. Aliteleza kutoka kwenye kiti na kuingia chini ya meza.

Nilikimbia, lakini uwanja wangu umejaa vyuma na nilikuwa mbali. Geti langu mwenyewe ni nondo tupu, sijawahi kupata muda wa kuliwekea bati. Nikaona mkono wa Bawabu kwenye komeo na nikawaza: huyu mdomo utamponyoka tena. Aligeuka. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliiona ile plasta chini ya meza, na lile taya, na nadhani aliyasikia tena maneno yake mwenyewe ya rungu na meno. Uso ulimbadilika. Alilikaza komeo kwa mikono miwili.

"Unaingia na nini?" aliuliza.

"Nini?"

"Nimekuuliza, unaingia na nini?"

"Fungua, mjinga wewe!"

"Jibu si sahihi."

Yule mtu alipitisha mkono kwenye nondo, akaikamata ile tai, akavuta. Uso wa Bawabu uligonga chuma. Akavuta tena. Pua ilivunjika na shati jeupe likawa jekundu. Hakuliachia komeo. Basi mkono wa pili ukaja na spana, ukavipiga vidole vyake, ukarudia, nikasikia kimoja kikivunjika, na Bawabu, jino limening'inia, akarudia: "Jibu si sahihi."

Hapo nilifika. Nyundo yangu iliushukia ule mkono uliokamata tai ukiwa katikati ya nondo, na mfupa ukaitikia. Sitasema uongo, nilifurahi. Nikaiinua tena, lakini yule mtu alishauchomoa mkono na kukimbia huku akilia kama mtoto. Bucha na majirani walimwangusha kwenye kona, wakampiga wakachoka, kisha wakamkabidhi polisi.

Tuliporudi ndani, wifi alikuwa ameketi tena kwenye kiti chake. Bawabu aligoma kuvuka kizingiti. Alisimama palepale, damu inadondokea viatu vyake, vidole vimepinda, daktari wa meno asiye na jino la mbele.

"Hodi," alisema, na kwa lile pengo ikatoka "hozi."

 Haikuwa yetu kujibu. Wifi aligeuka kumtazama.

"Unaingia na nini?"

 Kanuni zote zile alizozikariri Bawabu, na alikuwa hajui.

"Sijui," akasema.

"Hata mimi sikujua," alisema wifi, akamvutia kiti.