Upepo Upige Hodi

Mama mwenzangu, kama kwako kuna jiko la mkaa na kuna mume mwenye ndoto, soma haya mpaka mwisho. Mimi nimeishia darasa la saba na kazi yangu ni kushona sare za shule, kwa hiyo usinitafutie maneno makubwa. Ninachotaka ni watoto wako waamke, kama wangu walivyoamka.

Mume wangu ni fundi bodi. Gari likigongwa likakunjamana kama karatasi analetewa yeye. Analigonga, analipiga puti ya kuziba mashimo, analisugua msasa, mpaka mwenye gari akija analipita bila kulitambua. Mwaka jana alinunua gari kuukuu lililokuwa la kubebea mikate, lile la boksi nyuma, lenye vidirisha viwili tu vya kusukuma. Akaliegesha uani, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku, kila Jumapili yuko nalo.

"Mama Spika," akaniambia siku moja, "hii ndiyo nyumba yetu."

"Na ile tunayolala ni ya nani?"

"Ile ni ghala. Makochi, kabati, masufuria hujayagusa tangu tuoane. Vitu ndivyo vinavyokaa pale, sisi tumebanwa pembeni."

Alikuwa ameona kwenye simu watu wanaoishi ndani ya magari na familia zao. Akataka likizo ndefu ikifika tufunge mlango, twende. Leo tulale kando ya mto, kesho chini ya mlima. Yeye atanyoosha mabati ya watu njiani, mimi nitashona kwa cherehani ya mkono, na watoto watajua kuogelea.

Nisikufiche, na mimi nilitamani. Ukishona kola za rangi moja kutwa nzima, na huku nyuma unaitwa mama soksi, mama kalamu, mama huyu kanikanyaga, hata wewe utauota huo mto. Lakini mimi ni mtu wa hofu. Naogopa ngazi, naogopa vifungo mdomoni mwa mtoto, naogopa mbwa asiyebweka. Kila alichosema nilikitafutia tundu.

"Na choo?"

"Dunia yote hii utakosa pa kujisitiri?"

"Sijisemei mimi. Namsemea Bomba."

Bomba ni kitindamimba wetu, ana miaka mitano. Akinywa kikombe kimoja anatoa viwili. Jina hilo alipewa na dada yake mkubwa, Spika, ambaye naye alipata lake kwa sababu sauti yake hufika sokoni kabla yake. Katikati yupo kaka yao, Kobe. Ukimwita Kobe sasa hivi, nenda kafanye kazi nyingine, ataitika ukirudi. Na Bomba, mimi sijawahi kumaliza harusi wala ibada nimekaa. Lazima nitoke naye mbio nimemshika mkono.

Tukakubaliana hivi: Jumapili moja tushinde ndani ya gari palepale uani. Tupike, tule, tulale mchana. Jioni mimi nitoe jibu, tunakwenda au hatuendi. Nikisema hapana, gari linauzwa na hakuna kununa.

Ukweli alikuwa amelipendezesha. Vitanda vya kukunja, rafu yenye kingo ili vikombe visidondoke, mapazia niliyoshona kwa mabaki ya sare, nusu bluu, nusu khaki. Milango aliivalisha raba mpya. Kila tundu la msumari alilipiga puti. Akapiga ukuta kwa kiganja, kifua mbele.

"Sikilizeni. Kimya! Humu vumbi haliingii, mbu haingii. Hata upepo upige hodi kwanza."

"Na tutaufungulia?" Spika akauliza.

"Ukiwa na adabu."

Tukacheka. Asubuhi ile ilikuwa tamu. Tulicheza karata, Kobe akatushinda wote kwa kutuchosha. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuchagua sufuria gani niiache.

Mchana ikashuka mvua, tena ya upepo. Jiko lilikuwa nje na chai haijachemka. Baba Spika akatoka mbio, akalibeba, akaliweka ndani juu ya kipande cha bati, akafunga mlango.

"Moshi, Baba Spika."

"Moshi uko wapi? Tazama makaa yalivyoiva, mekundu matupu. Hata harufu hakuna."

Na kweli hakukuwa na moshi. Mimi moshi naujua, unawasha macho. Kisichowasha macho sikukiogopa. Nikasukuma na vile vidirisha viwili nikavifunga, maana Kobe alikuwa na kikohozi na matone yalikuwa yanamfikia. Joto likajaa vizuri. Tukanywa chai, tukajilaza.

Hapa ndipo nakuomba usome polepole.

Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyepaliwa. Ulikuja usingizi mzuri, kama wa mtoto aliyebebwa mgongoni. Kichwa kilianza kuniuma, nikasema ni kelele za mvua juu ya bati. Spika akasema tumbo linamchafuka. Baba yake akamjibu kwa sauti ya kuburuta kwamba wasafiri wote huanza hivyo. Kisha Spika akanyamaza. Na Spika hanyamazi, lakini hilo nalo likanipita.

"Mama, mkojo."

"Ngoja mvua ipungue," baba yake akasema, macho ameyafumba.

"Mama, unatoka."

"Jikaze, Bomba. Msafiri hujikaza."

Nami nilitaka kusema hivyo hivyo, ila ulimi ulikuwa mzito. Kilichoninyanyua si akili, mwenzangu. Ni foronya ya godoro. Nilikuwa nimeishona kwa mkono wangu wiki ile ile, nikaionea huruma. Nikasema nisimame, miguu haipo. Nikaanguka kwa magoti, nikadhani nimekanyaga gauni. Nikatambaa. Bomba alikuwa ameegemea mlango, anayumba kama mtu mzima aliyelewa. Nikashika kitasa, mlango haukubali, zile raba mpya zimeubana. Nikauegemea kwa bega na uzito wangu wote, ukaachia, tukadondoka nje mimi na yeye kwenye matope.

Upepo ukaingia bila hodi.

Mvua iliponipiga usoni ndipo hofu yangu ikaamka, na nashukuru iliamka na sauti. Nilipiga yowe. Jirani yetu, dereva wa teksi, alikuwa kibarazani kwake. Akaja mbio, akamtoa Spika, akamtoa Kobe. Mume wangu alijivuta mwenyewe hadi mlangoni, akatapika. Spika akafumbua macho akalia. Kobe nilimwita, kimya. Nikamwita tena.

"Mama, huyu tumuwahishe," jirani akasema.

"Huyu huwa anachelewa," nikamwambia. "Ndivyo alivyo. Msubiri, ataitika."

Alitubeba wote kwenye teksi, tumelowa, vioo vyote chini. Nilimshika Kobe kifuani na sikuacha kumwita. Tulipokaribia geti la hospitali akasema, taratibu, kama mtu aliyekatizwa usingizi, "Naam, mama?"

Nilimwita uani, akaitika getini. Tangu siku ile sijamwambia tena afanye haraka.

Watoto na baba yao waliwekewa hewa ya oksijeni. Daktari alitueleza kwamba makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayokudanganya uyaone salama. Akasema hata dirisha lililo wazi kidogo halitoshi. Jiko lisikae ndani na watu, basi. Na mkiumwa kichwa wote kwa pamoja, msijilaze, tokeni.

"Nani aliwashtua mkatoka?" akauliza.

Spika akajibu kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mkojo wa Bomba."

Daktari akacheka. Kisha akainama, akampa Bomba mkono.

Gari lilikaa uani halijaguswa, mpaka kuku wakahamia chini yake. Halafu Jumapili moja nikasikia bati linakatwa. Nikatoka. Mume wangu alikuwa anafungua madirisha makubwa kwenye kuta zile zile alizoziziba, jasho linamtoka.

"Hukunipa jibu," akasema, bila kunitazama.

"Jiko litakaa nje."

"Nje."

"Mvua ikinyesha tunakula mkate mkavu."

"Mkavu kabisa."

"Na Bomba akisema simama, unasimama."

"Hata mlimani?"

"Hata mlimani."

Tumerudi juzi. Mto tumeuona, ni mdogo kuliko wa ndotoni, na baridi yake ni ya kuumiza meno. Tulisimama kila daraja, kila shamba. Bomba akichuchumaa nyuma ya kichaka, baba yake anasimama kando na mwavuli, wima, kama mlinzi wa mkubwa fulani, na hakuna anayenung'unika. Nashukuru kwa kila kichaka.

Kabla ya kulala nafungua madirisha yote, halafu nawaita mmoja mmoja. Wananicheka, lakini wanaitika. Spika wa kwanza, Bomba wa pili. Kobe namsubiri.