Jina la Mtoto wa Ijumaa

Viwanja vizima viliwahi kumwimba: "Fiifi! Fiifi!" Leo Fiifi huyo amekaa jikoni kwa mama yake, mjini Saltpond, goti limevimba kama boga, na timu yake ya Ulaya imeshamtema.

"Kula donge lako la kenkey, Fiifi, linapoa," mama akamwambia.

"Mama, mpira umekwisha. Niite Ebo."

Ebo ndilo jina lake halisi, la mtoto aliyezaliwa Jumanne. Fiifi, mtoto wa Ijumaa, alikuwa mdogo wake, aliyekufa kwa homa mwaka ule mawakala wa mpira walipokuja kusaka vijana wabichi. Ebo alikuwa ameshapita umri wanaoutaka. Basi familia ikamzika mdogo kwa jina la mkubwa, na mkubwa akapanda ndege na jina la mdogo na miaka yake.

"Hakuna anayetusikia," akasihi. "Mara moja tu, Mama."

"Wee! Unajua nililia vipi pale kaburini? Nilimlilia Ebo, ili watu waamini. Fiifi wangu sikumlilia hata siku moja. Ningemliliaje, na redio kila Jumamosi inasema amefunga bao?"

"Lakini Ebo ni mimi. Niko hapa."

Mama akamsogezea samaki, kwa adabu, kama anavyokaribishwa mgeni.

"Ebo nilishamaliza kumlilia," akasema. "Sasa nyamaza, niache. Redio imekaa kimya. Leo ndiyo nimefiwa na Fiifi."