Kishimo cha Tata Ajiko

Bibi yangu Ajiko ana waume wawili. Wa kwanza alikufa kabla sijazaliwa, wa pili ni mimi. Kwetu Wateso bibi ni tata, na mjukuu wa kiume ni mume wake mdogo, kwa hivyo akinituma sukari nikachelewa hanigombezi kama mtoto. Ananishtaki kwa majirani kama mwanamume aliyeshindwa na nyumba.

"Emorut, mume wangu," aliniita asubuhi moja ya Aprili, mvua ikiwa imenyesha mpaka alfajiri na hewa imeoshwa ikaoshika. "Njoo unionee jiwe langu."

Jiwe lenyewe tunalijua sote. Ukisimama nyuma ya jikoni yake hapa Angurai ukatazama machweo, Uganda imelala mbele yako hadi macho yachoke. Mwamba wa Tororo huna haja ya kuonyeshwa, unajionyesha wenyewe kama mwanasiasa kwenye matanga. Lakini kulia kwake, mbali zaidi, kuna kijiwe chenye nundu, kidogo kama punje ya wimbi. Tata alizaliwa chini yake. Alikuwa na miaka sita hivi wezi wa ng'ombe walipovamia. Shangazi yake alimbeba mgongoni wakakimbia siku mbili, na mama yake, aliyekuwa anakuja nyuma, hakufika. Hakuna picha yake, hakuna kaburi linalojulikana. Kitu pekee alichoacha duniani ni shimo. Juu ya mwamba ule alisaga wimbi kila siku mpaka jiwe likabonyea, na kando ya shimo lake akamwanzishia binti yake kishimo kidogo kama kikombe, naye asage mchezo wake.

"Mkono wangu ulikuwa unaingia pale wote," Tata husema, na huukunja mkono kutuonyesha.

Jina la kijiji halijui. Mtoto wa miaka sita kwao hupaita nyumbani, basi. Amewauliza madereva, amewauliza wauza mitumba, alimuuliza hata padri mmoja wa upande ule. Wote humjibu sawa: "Jiwe gani, mama? Uganda ni mawe matupu."

"Unaliona?" akaniuliza.

"Naliona, Tata. Limenona kidogo, nadhani lilikula vizuri Pasaka."

Hakucheka. "Mimi silioni. Tangu Desemba silioni. Nimekuwa nikiwadanganya."

Nikamtazama vizuri. Macho yake yalikuwa yameingia maziwa, na mimi mume wake sikujua.

"Daktari wa macho atanisafisha, Mungu akipenda," alisema. "Asipopenda je? Nataka niliguse kabla sijaanza kushikwa mkono kwenda chooni."

Nikakosa mzaha. Mimi, ambaye nilichekesha watu kwenye mazishi ya mwalimu wetu wa hesabu.

Sasa, kazi yangu ni picha za paspoti pale Malaba. Nina pazia jeupe, stuli moja, na maneno matatu: "Boss, inua kidevu." Kwenye simu yangu kuna programu ambayo ukipiga picha inaandika chini yake mahali uliposimama na upande uliotazama, kwa nyuzi kamili. Mpaka siku ile nilikuwa naitumia kujigamba tu. Nikalivuta lile jiwe kwenye kioo likaja katikati, nikapiga.

Lakini picha moja inakuambia kitu kiko upande gani, haikuambii kiko mbali kiasi gani. Ni kama uambiwe mchumba wako yuko barabara ya kwenda Kisumu. Unahitaji picha ya pili kutoka mahali pengine, mbali na pa kwanza. Unachora mstari mmoja kwenye ramani, unachora na wa pili, na pale inapokatana ndipo alipo.

Picha ya pili niliamua kuipigia kazini. Malaba chini huoni kitu, malori yamepanga foleni kama siafu, kwa hivyo nikamwendea dereva mmoja.

"Boss, nipande juu ya kontena lako dakika mbili?"

"Panda. Ukianguka sikujui."

Nikapanda, jiwe likaonekana, nikapiga. Mistari ikakatana. Nilitazama ramani kutoka juu na pale pale palikuwa na mwamba! Nikampigia Tata simu nikipiga kelele hadi mteja wangu akatoka na macho yamefumbwa kwenye picha.

Jumamosi tukavuka. Tata alivaa gomesi ya Krismasi, akafunga konzi ya wimbi kwenye pembe ya leso. Boda ilituacha chini ya mwamba, akapanda kwa magoti na mikono, hataki kusaidiwa. Alilipapasa lile jiwe lote. Alilipapasa kama mtu anayetafuta hereni kitandani, kutoka nundu hadi ukingo, akarudi tena. Lilikuwa laini kama kipara.

Mwishowe akaketi, akafuta viganja kwenye gomesi.

"Ni jiwe zuri," alisema. "La watu wengine."

Hakunilaumu. Angenishtaki kwa majirani ningeshukuru. Njia nzima alishika lile fundo la leso, na tulipofika Angurai wimbi ulikuwa bado ndani.

Jumatatu Vivian alinikuta nimekaa kwenye stuli ya wateja. Vivian anaendesha mashine ya kunakili karatasi kibanda cha pili, na tulisoma pamoja mpaka kidato cha nne, yeye akiwa wa kwanza na mimi nikiwa karibu na dirisha. Nilimweleza yote.

"Ulisimama wapi picha ya pili?"

"Juu ya kontena."

"Kontena ya nini?"

"Ya chuma, Vivian. Wewe umeona kontena ya mkate?"

Nikajisikia mwenyewe nilivyosema. Yeye alikuwa amenipokonya simu tayari. Akafungua dira, akatembea kuelekea lori lililo karibu, na mimi nyuma. Kila hatua, kaskazini ilihama. Tulipofika kwenye tairi, kaskazini ilikuwa imeenda Nairobi.

"Kidato cha pili," alisema. "Sumaku na chuma. Wewe ulikuwa unamchora mwalimu na pembe."

"Zilimfaa."

"Emorut. Umempeleka mwanamke mzee kwenye jiwe la wenyewe."

Nikaenda kukunja pazia langu jeupe.

Tulirudia kazi. Kule Angurai nilikuwa nimesimama uwanjani nyuma ya jikoni, ile ilikuwa salama. Ya pili tuliipigia kilimani upande wa Amukura. Vivian akaamuru pikipiki ibaki chini, kisha akatazama kiunoni mwangu.

"Mshipi."

"Vivian, watu wataona."

"Hilo bizimu la chuma lina ukubwa wa sahani. Vua."

Nikapiga picha mkono mmoja umeshika simu, wa pili suruali. Ya tatu tukaipigia Kocholia, kuhakikisha. Mistari mitatu ikakutana mahali pamoja, kilomita tisa kaskazini ya lile jiwe la watu wengine.

Tata alikataa. "Nimeshaona jiwe moja mwaka huu, linanitosha."

"Hili ndilo lenyewe, Tata."

"Hata lile lilikuwa lenyewe." Akapangusa jicho ambalo halikuwa na kitu. "Huyo msichana wa hesabu atakuja?"

"Ndiyo."

"Basi nitaenda na mke mwenzangu. Wewe ubebe maji."

Pikipiki ilipotushusha chini ya jiwe tulimkuta mzee mmoja, Ochom, anaanika karanga mwambani. Tukasalimiana Kiteso, akatuuliza habari za upande wetu, na Tata hakuweza kungoja salamu ziishe.

"Hapa juu kuna mashimo?"

"Mashimo?" Ochom alishangaa. "Yapo, mama. Ng'ombe wangu hunywea humo mvua ikinyesha."

Tukapanda wote, Tata akapiga magoti. Vivian alimwelekeza mkono hadi ukaingia kwenye shimo pana, refu kama mtumbwi, lenye maji kidogo. Akayachota akayatupa. Kisha bila kuelekezwa na mtu vidole vyake vikatambaa upande wa kushoto, shibiri moja, vikasimama.

Kilikuwa pale. Kikombe.

Alijaribu kuingiza mkono. Haukuingia. Akakunja vidole, akajaribu tena, vikaingia vitatu tu.

"Kimepungua," alisema.

"Umekua, Tata."

"Nimekua," akakubali, kama mtu aliyeletewa habari.

Alifungua leso, akamwaga wimbi kwenye shimo la mama yake. Ochom akampa jiwe la mkononi, sijui alilitoa wapi. Akasaga. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mkwaruzo, na sikumwona akijifunza upya. Mabega yalikuwa yanajua. Vivian alinitazama, mimi nikatazama karanga. Unga ulipotoka Tata alilamba kidogo kwenye kidole, mwingine akauweka kwenye kile kishimo kidogo, akakibembeleza kwa kidole gumba.

Kisha akainua uso upande wa mashariki, upande ambao miaka yote hakuwa na sababu ya kuutafuta.

"Kutoka hapa," aliuliza, "kwetu kunaonekana?"

Nilitazama. Vilima vya Angurai vilikuwa ufito wa samawati tu juu ya nchi. Nyumba yake, jikoni yake, mti wa mparachichi, hakuna nilichoweza kukitenga.

"Kunaonekana, Tata."

"Basi piga ile picha ya mstari. Siwezi kutafuta kwetu tena miaka sitini, macho haya hayatanisubiri."

Nilitaka kumkumbusha kwamba picha moja haitoshi. Badala yake nikavua mshipi, nikampa Vivian aushike, nikasogea ukingo ulio mbali na pikipiki, nikapiga.