Ofisi ya Vifungo Vilivyopotea

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, walio karibu na walio mbali, kwamba Waziri alirejea nyumbani kutoka shule ya bweni siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, akiwa na sanduku moja, godoro moja na masimulizi ya muhula mzima.

Hakuna aliyeinuka. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa na pini nne mdomoni na sare sitini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Alimwonyesha kwa kidevu pa kuweka godoro.

Jina la Waziri alipewa bwenini. Alikuwa bingwa wa kuchonga mihuri kwa raba, na muhuri wake mmoja uliwahi kuwatoa getini wasichana kumi na wawili wakaenda kutazama mpira. Nyumbani hawakuyajua hayo yote, ila walijua kwamba binti yao akirudi likizo, watu watashika mbavu. Kiti cha kuchekesha kilikuwa chake, na hakuna aliyewahi kukigombea.

Mchana ule, chakula kilipopakuliwa, alikohoa kidogo, akaanza, "Basi siku hiyo matroni wetu..."

"Ngoja kidogo, mwanangu," baba akamkatiza, akamgeukia mdogo wa Waziri, wa miaka saba, kitinda mimba wa nyumba, waliyemwita Kidole. "Yule wa koti la kijani, mwenyewe amepatikana?"

"Bado, baba. Lakini leo hajalia."

Baba akacheka hadi akaweka kijiko chini. Waziri akauliza ni nani huyo asiyelia.

"Kifungo," mama akajibu, kama mtu anayeulizwa jua ni nini.

Ilikuwa hivi. Shule ya Kidole ilifungwa mapema, na hapakuwa na wa kubaki naye, kwa hiyo alishinda na mama kwenye chumba cha kushonea. Simu ilikuwa ya wateja. Televisheni ilikufa tangu mwaka jana. Siku tatu nzima alizunguka cherehani akilia wimbo mmoja: "Mama, sina la kufanya."

"Basi lifanye hilohilo," mama alimjibu, mguu haukutoka kwenye pedeli.

Siku ya nne akaingia chini ya meza ya kukatia na kunyamaza. Siku ya tano akafungua ofisi. Kila kifungo kilichoanguka sakafuni kilipewa faili la kipande cha karatasi na kuhojiwa: umetoka nguo gani, ulikuwa wa kwanza kutoka shingoni au wa mwisho, nani alikuvuta kwa hasira. Kisichopata mwenyewe hadi Ijumaa kilipelekwa kulelewa na shati jingine. Wateja walianza kuja bila nguo ya kushona. Nesi mmoja, mtu asiye na mzaha hata kidogo, alipiga magoti na sare yake nyeupe kuulizia kifungo cha mkononi, akaambiwa ajaze fomu.

Wivu ulimkaba Waziri kama kola iliyokatwa ndogo. Yeye alikuwa na simu, alikuwa na ratiba ya masomo ya ziada iliyogawanywa kwa robo saa, na kwa mihula miwili hakuwa amebuni kitu kipya hata kimoja. Kisa cha wale wasichana kumi na wawili alikuwa ameshakisimulia bwenini mara nne. Na huyu Kidole, asiyeweza hata kufunga kamba za viatu, alikuwa amekaa bure tu, akazua ofisi.

"Anapoteza muda huyo," alimwambia mama. "Wenzake wanasoma."

"Mwache. Kwani amekuomba uniti za simu?"

Hakumwacha. Jumatano, barua ikaonekana mlangoni. Ilisema kwa lugha nzito kwamba kila mwanafunzi afuate Ratiba ya Maendeleo ya Likizo: saa mbili hesabu, saa tatu mwandiko, saa nne kusoma kwa sauti, na kuendelea hadi jioni, bila nafasi ya kukaa bure. Chini yake palikuwa na muhuri wa bluu wa mwalimu mkuu wa Kidole. Mama aliisoma mbiombio, akaguna, akaibandika ukutani juu ya meza ya pasi.

Kidole alitii. Siku mbili alikaa mezani wima kama rula, akijaza madaftari. Nesi alirudi, akainama chini ya meza, hakuona mtu.

"Ofisi imefungwa," Kidole alimwambia bila kuinua kichwa. "Nina hesabu."

Mchana huo Waziri alisimulia kisa cha matroni chote, na hakuna aliyemkatiza. Hakuna aliyecheka pia. Baba alimtazama Kidole, akauliza kama anaumwa.

Ijumaa, wote walipokuwa uani, Waziri akaingia mwenyewe chini ya meza. Alitaka kuona kuna nini huko. Palikuwa na giza kidogo, nyuzi na vumbi la chaki ya bluu ya kukatia. Alikaa dakika nne, akatoa simu. Mwanga wake ukaangukia kopo la mafaili. Faili la mwisho lilikuwa na kifungo cheupe cha shati la shule ya bweni, na maandishi yaliyopinda: *Kifungo cha Dada. Kilianguka akiondoka. Hiki kisilelewe na mtu. Kinamngoja.*

Alikuwa bado amekishika aliposikia miguu ya mama, kisha pasi ikipumua mvuke.

"Wewe wa huko chini," mama akasema. "Njoo uone maajabu."

Muhuri wa mwalimu mkuu ulikuwa unachuruzika ukutani. Mama aliugusa, akausugua kati ya vidole viwili kama anavyosugua kitambaa anapotaka kujua kama kitachuja.

"Miaka kumi na tano nakata nguo," akasema. "Chaki yangu naijua hata ikilowekwa mate."

Waziri alifungua mdomo kutafuta uongo, na kwa mara ya kwanza maishani hakukuta hata mmoja. "Nilimwonea wivu, mama," akasema. "Nyie mlikuwa mnacheka naye."

Mama aliibandua barua. Aliweka mkono wazi, na simu ikawekwa juu yake.

"Rudi chini. Kaa mpaka uchoke, halafu uendelee kukaa."

Kidole alifungua ofisi mchana huohuo. Alimpa dada yake kiti cha wanaosubiri, karatasi moja na kipande cha chaki ya bluu, akamwambia aandike maelezo ya kosa lake, ukweli mtupu, asijisifu. Waziri alichoka siku ya kwanza. Ya pili pia. Ya tatu akaanza na "Itangazwe," akaandika "yeye" badala ya "mimi", eti asijulikane.

Karani Kidole amesoma. Amenirudishia, anasema fomu haikubaliki bila jina la mkosaji. Haya basi. Waziri ni mimi. Naomba kifungo changu.