Bipu Moja Kutoka Mpala

Nyinyi wamama munaotaka kubadilisha rezo ya telefone, nawasikia sokoni kila siku: hii kadi inakula unite za kupigia, hii inakata maneno katikati, tuhamie ile ingine. Hamieni. Sikatazi muntu. Lakini mbele ya kutupa kadi ya zamani, someni hii kwanza, ao mupatie mutoto anayejua kusoma awasomee mukiwa munachambua majani ya sombe.

Mimi nauza ndagala kwenye soko ya Kataki, hapa Kalemie. Wananiita Mama Glodie, juu Glodie njo mutoto wangu wa kwanza. Ameolewa Mpala na Wilfried, muvuvi, muntu wa misa kila yenga, sina neno naye. Toka hapa mpaka Mpala unapanda boti ya mota asubuhi, unafika jua likiwa linashuka, kama ziwa limekubali. Barabara tusiiongelee. Kwa hiyo telefone kwetu haikuwa kitu cha kujionyesha. Ilikuwa kamba: yeye anashika huko, mimi nashika huku.

Kule Mpala rezo haishuki kijijini. Lazima upande kilima nyuma ya misheni, usimame karibu na ukuta wa zamani, hapo njo inashika kidogo. Glodie alipanda kila jioni kisha sala. Na kwa sababu ya kuchunga unite hakunipigia, alinibipa: inalia kidogo, anakata mbele nijibu. Tulipatana tangu siku ya ndoa yake: bipu moja, niko salama. Mbili, unipigie. Tatu, shida, kuja mbio. Sifikiri kama hapa kwetu kuna familia isiyokuwa na alama yake ya namna hiyo.

Miaka yote niliishi juu ya ile bipu moja. Saa ya kupika inafika, telefone iko kwenye fundo ya kikwembe changu, inalia mara moja, inanyamaza. Nasema asante Mungu, naongeza chumvi.

Sasa mwaka jana Glodie akapata mimba ya pili. Ile ya kwanza walimupasua, hapa kwenye hospitali, na daktari alimuambia wazi: hii ingine usizalie kijijini, kovu haitavumilia. Tukapanga aje kukaa kwangu mwezi wa mwisho. Na kama uchungu utatangulia, Wilfried atapanda kilima, atabipa mara tatu, mimi nitakimbia kwa Kalenga mwenye boti, tutaenda kumuchukua. Wilfried anavua na mutumbwi wa kasia. Kumuleta mwanamuke wa uchungu na kasia mpaka Kalemie, afazali usimutoe.

Kalenga alikubali. Alisema, "Mama Glodie, siku utakuja mbio, sitauliza hata abiria. Nitawasha mota."

Lakini ile rezo yetu ya zamani ilikuwa imeharibika. Unaweka unite asubuhi, muchana zimeyeyuka, hujapigia hata muntu. Unapiga, bibi mumoja anakujibu kwa Kifaransa kwamba huyo unayemutafuta hapatikani, na huyo muntu amekaa mbele yako anakula bugali. Siku zingine bipu haikuja kabisa. Kuna wakati zilipita jioni nyingi bila bipu. Sikulala. Nilipanda boti na machozi yangu mpaka Mpala, nikamukuta Glodie anatwanga mihogo na tumbo lake mbele, anacheka na wenzake. Mama muzaa wa Wilfried akanitazama kuanzia miguu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Mama Glodie, karibu. Sanduku ya maiti umeileta kabisa, ao ulikuja kupima kwanza?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka. Ndani yangu kile kicheko kilibaki kama mwiba wa samaki.

Niliporudi nilimuambia Jovial, kijana wangu anayeendesha taksi-moto, pikipiki ya kubeba watu: "Hii rezo mimi basi. Tafuta ingine."

Hakungoja siku mbili. Alileta telefone mupya ya kugusa, yangu, na ndogo ya mabutoni kwa dada yake, na kadi mbili za rezo ile ingine ambayo watu wote walikuwa wanaisifu. Majina ya kampuni sitaji. Leo mubaya ni huyu, kesho ni yule.

"Mama, hii inapita Mpala, inafika mpaka Moba," Jovial alisema. "Yule bibi wa kabini ya kuuzia unite ameniapia."

"Yeye amekwisha kufika Moba?"

"Mama! Rezo haipandi boti."

Tukajaribu. Yeye aliingia chumbani, mimi nikasimama inje kwenye lupango. "Alo, Mama!" "Alo, Jovial!" Sauti ilikuwa safi, nilisikia hata kitanda kikilia alipoketi. Tulifurahi sana. Akachukua kadi yangu ya zamani, akaivunja na vidole viwili, akasema imekwisha kutusumbua. Ya Glodie nayo nilimutumia neno aitupe, juu ile telefone ndogo ina nafasi ya kadi moja tu.

Kalenga alipeleka mufuko wenye ile telefone ndogo na kadi yake. Jioni ya siku ile ile Wilfried na Glodie walipanda kilima, na mimi huku telefone ikalia mara moja, ikanyamaza. Nilipiga vigelegele peke yangu kwa jiko.

Moja tulijaribu. Hakuna aliyejaribu tatu. Nani angejaribu? Kwetu bipu tatu ilikuwa kama kutaja jina la ugonjwa mbele ya mutoto, hauichezei. Na kumbe pale njo palikuwa na shimo.

Mimba haikungoja mwezi tuliopanga.

Ilikuwa siku ya soko kubwa, asubuhi, nimetoka kumwaga ndagala kwenye gunia. Telefone ikalia mara moja kwenye fundo, ikanyamaza. Nikaitoa, nikaona jina la Glodie. Nikabaki naishika.

Mama Lucie anauza pembeni yangu, mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Alinisukuma na kiwiko. "Unatazama nini? Ni bwana mupya?"

"Glodie amebipa."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Basi yuko salama. Uzisha samaki."

"Hakubipa kamwe asubuhi, Mama Lucie. Anabipa jioni."

"Ee, amekuwa na hamu ya kukusalimia asubuhi, ni kosa? Moja njo moja. Wewe ukikosa bipu unalia, ukiipata unalia. Mungu akufanyie nini sasa?"

Nilipiga. Nikapata bibi yule yule wa Kifaransa, hata kwa rezo mupya wamemuajiri. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Jovial akapita na moto yake, nikamusimamisha, nikamueleza. Alizima mota, akanisikiliza, kijana wangu hana tabia mubaya. Akasema polepole: "Mama, kama ni uchungu Wilfried angebipa tatu. Anajua. Ukienda tena bila kuitwa, yule mama muzaa atakuimba mpaka Moba."

Nilimuachia Mama Lucie gunia langu, nikashuka mpaka kwenye ufuko, pale boti zinapakia. Boti ya Kalenga ilikuwa imejaa, mifuko ya unga, masafuria, mbuzi wawili wamefungwa miguu. Alikuwa anaenda Moba na atapita Mpala. Aliponiona alinyoosha mukono.

"Mama Glodie! Njo leo? Watoke watu?"

Nyinyi munaosoma, mumungoje kidogo pale na mukono wake umenyooshwa. Mimi namuona hivyo mpaka leo.

"Bipu ilikuwa moja," nilimuambia.

"Moja ni salama?"

"Ni salama."

"Sasa unapanda ao haupandi?"

Nilifikiria kile kicheko cha Mpala. Nilifikiria pia, niseme ukweli, kwamba ile moja njo jibu nililolitaka. Muntu mwenye wasiwasi akipewa jibu analolitaka analishika na mikono miwili. Nikasema, "Nenda, baba. Ukipita unisalimie wao." Akavuta kamba ya mota. Boti ikaondoka na mbuzi wanalia.

Jioni nilipika na telefone iko mbele yangu juu ya mawe. Saa ya sala ilipita. Haikulia. Jovial alirudi, akaiona pale juu ya mawe, akanitazama, hakula. Hapo njo tulijua wote wawili.

Asubuhi hakuna boti ya abiria. Jovial alienda kumulilia muntu mwenye mota ndogo ya kuvulia, akaniletea. Njiani kote sikuomba. Nilikuwa nahesabu vichwa vya milima, huu umepita, huu umepita, kama mutoto.

Wilfried alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magoti, akiangalia upande wa Kalemie. Alishika boti na mukono, akaniuliza bila kunisalimia:

"Mama, tulikungoja jana mpaka boti ya Kalenga ikapita mbali na giza, haikusimama. Mbona hukuja?"

"Glodie?"

"Anapumua. Mutoto ameenda. Alfajiri."

Kovu ilikuwa imeanza kuachia. Munganga wa santre ya afya alipigana na yale aliyokuwa nayo. Alikuwa mutoto wa kike. Walikuwa wamekwisha kumufunika na kitenge kile nilichomutumia Glodie kwa ajili ya kumubebea mugongoni.

Tulimupakia Glodie ndani ya boti juu ya godoro, amefumba macho, mukono wake baridi. Wakati wanafunga godoro Wilfried alinirudia. Hakuwa na hasira, afazali angekuwa nayo.

"Mama, nilibipa mara tatu. Nilipanda kilima nikikimbia. Nilisikia ikilia kwa sikio langu, moja, nikakata. Mbili, nikakata. Tatu, nikakata. Nikashuka kumushika muke wangu, nikamuambia, Mama anakuja."

"Ilifika moja, Wilfried."

"Tatu, Mama."

Akatoa ile telefone ndogo ya mabutoni, akanionyesha. Namba yangu, mara tatu, zimefuatana. Nikatoa yangu kubwa ya kugusa. Jina la Glodie, mara moja, saa ile ile. Tuliziweka pamoja kwenye mubao wa boti, na mama muzaa wake akainama kutazama. Telefone mbili, kila moja inasema kweli yake. Ile rezo mupya ilikuwa inamulilia kwa sikio lake yeye, na kwangu kimya. Mbili zilipotea juu ya maji.

Mama muzaa alivua kitambaa chake cha kichwa, akanifunga nacho mabega kwa sababu ya upepo. Toka siku ile hajanitania tena, na kuna siku natamani anitanie.

Glodie alipona. Walimupasua saa ile ile tulipofika, wakatoa na kizazi. Kama ningepanda na Kalenga ingetosha? Sijui. Daktari hakuniambia na mimi sikumuuliza. Jovial alitaka kumuuliza, nikamukataza, juu jibu lolote lingekaa naye kwenye moto yake siku zote.

Sasa nisikieni. Siwaambii mubaki na rezo inayowaibia. Ila usijaribu telefone chumbani na kwenye lupango. Mupelekee kadi yule muntu wako pale anaposimama kweli, kwenye kilima chake, kwenye mugodi wake, kule Kabimba kwenye kiwanda cha simenti, popote, na ujaribu alama zote, hata ile munayoogopa kuitaja. Mujaribu asubuhi na jioni. Kadi ya zamani iweke kwenye kikombe, usiivunje, mpaka umeona ile mupya imekaa. Na mambo ya uzima na kifo musiyapitishe kwa bipu. Toa unite, sema na mudomo. Muntu akisema "kuja", neno moja, haligawanyiki.

Glodie alirudi Mpala kwa bwana wake na kwa kijana wao wa kwanza, Elysée. Tulimurudishia rezo ile ya zamani, imetengenezwa kidogo, bado inakula unite, nimeacha kulalamika. Na jioni, kisha sala, yeye mazoea hayajamutoka. Telefone inalia mara moja, inanyamaza. Naacha chungu, naacha chumvi, napiga.

"Mama, ilikuwa moja," anasema. Nasikia upepo wa kilima ndani ya sauti yake.

"Nimesikia."

"Basi unapigia nini? Unamaliza unite."

"Sema wewe mwenyewe."

Mwanzoni alikuwa anakasirika. Sasa anangoja kidogo tu, kama muntu anayetua muzigo, halafu anasema:

"Niko salama, Mama."

"Sema tena."