Mikono Safi ya Mnoa Jiwe

Baba yangu, Josiah Harrop, alikuwa na kichwa kigumu, na nasema hivyo kwa uchungu maana nilimpenda. Kiangazi kile mitaro iliyochongwa kwenye mawe ya kusagia ya kinu chetu cha maji ilikuwa imelika. Unga ulitoka wa moto, umeungua, na wakulima wa kwetu Derbyshire, Uingereza, hawana haya: walituambia jiwe lisiponolewa kabla ya mavuno, watahamia kinu cha bondeni.

Wanoa mawe walipita kwa miguu, kinu hadi kinu. Hawakuulizwa barua. Waliambiwa waoneshe mikono, kwa sababu patasi ikigonga jiwe, chembe za chuma huruka na kuzama kwenye ngozi. Mikono yenye madoa meusi ndiyo ilikuwa cheti.

Wa kwanza kufika, Enoch Birtles, alivaa glavu. Baba akamwamuru azivue. Mikono ilikuwa safi.

"Mikono ya kasisi hii," Baba akasema. "Umekuja kuninolea jiwe au kunibatiza?"

"Mzee wangu alikufa kwa mkono uliooza, bwana. Chuma kiliingia, usaha ukapanda mpaka begani. Mke wangu ndiye kanishonea hizi. Nipe nusu siku tu, uone kazi."

Nilimsihi Baba ampe hiyo nusu siku. Akaniambia nikakande unga. Enoch akashika njia ya bondeni.

Siku ya tatu akaja Gideon Slack, mikono imejaa madoa. Baba hakumuuliza lolote, akamkatia mkate na jibini. Kumbe madoa yale aliyapata akipasua kokoto za barabara. Alichimba mitaro ovyo, wala hakujua kusawazisha jiwe la juu. Tulipofungulia maji, liligonga la chini, likapasuka vipande viwili. Gideon alitoroka kabla hatujafunga maji.

Wakulima wakaenda bondeni mmoja mmoja, bila kutuaga. Kufikia Oktoba hata sisi hatukuwa na pa kusaga. Baba akabeba gunia letu begani, akapita mbele ya majirani wote mpaka kinu cha bondeni. Enoch, aliyekuwa sasa mnoa mawe wa huko, ndiye aliyempokea. Alimtua mzigo, wala hakumkumbusha kitu.

Jioni nilioka. Unga ulikuwa laini, sijapata kukanda mfano wake. Nikamwekea Baba kipande. Alikitazama huku machozi yakimshuka, na hakukigusa.