Kitufe cha Mistari Sitini

Karani wa kliniki ya macho alikuwa na majina mia mbili kwenye jedwali la kompyuta, na sitini kati yao walikwisha kupasuliwa mtoto wa jicho. Hao sitini ilibidi wabadilishiwe neno, kila mmoja kwenye kisanduku chake, kutoka "Anasubiri" kuwa "Tayari". Kwa mkono ni kazi ya kuchosha vidole, na vidole vyake uvivu vilizaliwa nao. Basi akatengeneza makro: akabadilisha mistari sitini ya juu, walikokaa hao waliopasuliwa, katika nakala ya majaribio huku kompyuta ikikariri kila hatua, ili baadaye abonyeze kitufe kimoja tu, nayo irudie yote.

Asubuhi, kabla hajabonyeza, sista mkuu akapita, akasema si adabu wazee kuwekwa chini ya watoto. Kweli tupu. Karani akalipanga jedwali upya kwa umri. Juu kabisa akakaa shangazi yake, miaka themanini na moja. Ndipo akabonyeza. Visanduku vikageuka kufumba na kufumbua, akajiona ameula, akaituma orodha kwa mafundi wa lenzi, wawakatie wanaosubiri.

Makro haimjui mtu. Ilikuwa imekariri mistari, si majina.

Miezi miwili baadaye madaktari wageni wa upasuaji wakaja na masanduku yao ya lenzi, kwa siku moja tu. Sista akaanza kuita, na baadhi ya aliowaita walikuwa wamekwisha kupona; mmoja alijibu kutoka getini kwamba anaona mpaka nzi aliyetua kwenye kofia ya daktari. Wazee wa benchi la mbele hawakuitwa.

Karani akalifungua jedwali. Wazee sitini, wote "Tayari". Akabonyeza kitufe cha kutendua, tena na tena, akijua fika kwamba kilichofanywa na makro hakitenduliwi, sembuse cha miezi miwili. Akamkimbilia daktari, akamweleza yote, akamwomba walau lenzi moja.

Daktari hakufoka, na afadhali angefoka. "Kila lenzi imekatwa kwa kipimo cha jicho la mtu," alisema. "Nikimtia shangazi yako ya mwingine, nitamwondolea hata hicho kidogo anachoona."

Karani akamfuata shangazi pale benchini. Akamsimulia. Bibi akasikiliza, uso umeelekea ukutani, akidhani ndiko aliko mpwa wake.

"Kwa hiyo mashine yako inasema nimepona."

"Ndiyo, shangazi."

"Hongera kwangu. Na wanarudi lini?"

"Mwakani. Wakijaliwa."

"Wao watajaliwa, mwanangu. Niulize mimi."

Bibi akapapasa hewani mpaka akaipata mikono ya karani, akaishika.

"Niandike tena," akasema. "Mimi na wenzangu, mmoja mmoja. Nitakaa hapa nisikie."

Karani akarudi mezani akaanza kuandika.